Mhunzi Aliyeichosha Ndege

Ukitaka kugombana na mtu katika kijiji chetu, ilikubidi kwanza upime umbali kutoka kibanda cha Mhunzi. Mume na mke wangeanza kurushiana maneno mlangoni kwao, halafu mmoja akumbuke, ainue kidole, na wote wawili watembee kimya kama wanaokwenda kanisani hadi nyuma ya ghala la chifu. Huko ndiko walikomalizia matusi yao. Niliwahi kuona ndugu wawili wameshikana mashati, hawataki kuachana, lakini wanasogea hatua kwa hatua, pamoja, kama watu wanaobeba kabati, mpaka wawe mbali na fuawe ya yule mzee, lile pande la chuma alilofulia. Hapo ndipo kofi la kwanza lilipolia.

Sababu ni kwamba kwetu, kwenye miteremko ya Mlima juu ya Runyenjes, neno lililosemwa karibu na fuawe lilihesabiwa kuwa limeshika. Laana ya mtu mwingine yeyote unaweza kuiondoa kwa mbuzi na wazee wawili watatu wenye subira. Laana ya mhunzi haiondoki. Yeye mwenyewe hawezi kuiondoa, hata akilia machozi ya kujaza mtungi. Basi tulimwogopa kuliko chifu, na chifu alimwogopa kuliko sisi.

Na huyo mtu wa kuogopwa hivyo alikuwa mpole hadi akakera. Aliwaomba radhi kuku waliopita karibu na moto wake. Ukimsalimu akiwa na chuma kwenye koleo, hakukujibu mpaka chuma kipoe, maana hakutaka hata salamu ishike vibaya. Ukawa umesimama pale umenyoosha mkono hadi kwapa linaota ukungu. Kisha anaweka nyundo chini, anafuta kiganja, anakuambia, “Sasa nimekuona. Habari ya nyumbani?”

Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nilimuuliza kwa nini asiketi mbele na wazee wenzake.

“Yule mhubiri anapiga meza sana,” akaniambia, “na huku anasema mambo ya moto na kuangamia. Hajui anachezea nini.”

Mimi nilikuwa jirani yake. Nyumba yangu ilitazamana na kibanda chake, kwa sababu serikali, ilipotuondoa mashambani kwetu wakati wa Hali ya Hatari na kutusonga katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki, haikutuuliza nani angependa kulala karibu na nani. Nilikuwa kijana wa kuoa, nina mke na mtoto wa kubebwa. Moshi wa Mhunzi uliingia kwangu asubuhi na kutoka jioni kama mpangaji. Mke wangu alidai kwamba ugali wetu ulikuwa na ladha ya misumari. Huenda ni kweli, maana sikuugua tumbo hata siku moja miaka ile.

Wahunzi wengi walikatazwa kufua wakati ule, serikali ikihofia bunduki. Yeye aliachiwa kwa sababu ya handaki. Kila asubuhi tulitolewa kulichimba, wanaume kwa wanawake, na majembe yalivunjika kama biskuti. Lazima awepo wa kuyaunga. Lakini aliwekewa homgadi, askari wa serikali wa pale pale kijijini, wa kumlinda asije akafua kitu kingine. Homgadi huyo, kijana mrefu mwenye kofia kubwa kuliko akili yake, alimlinda kwa kukaa mbali naye kadiri alivyoweza.

“Mzee,” alipaza sauti toka kule kivulini, “unatengeneza nini?”

“Jembe.”

“Na hiyo nyingine?”

“Jembe.”

“Na ile ndefu?”

“Hiyo ni jembe ambalo bado halijakubali.”

“Haya, likikubali uniambie.”

“Njoo ulione mwenyewe.”

“Naliona kutoka hapa!”

Kuna jambo moja la kazi yake ambalo lazima nilieleze vizuri, maana mambo yote yaliyofuata yalisimama juu yake. Kifaa kikizeeka, panga likiwa limeliwa hadi likabaki ukanda, au jembe likiwa limeungwa na kuungwa tena, Mhunzi hakulitupa tu motoni. Alililaza kwenye fuawe likiwa baridi. Akalipiga nyundo moja, si kwa nguvu, kama anayemgonga mtu begani, akaliambia: “Umechoka. Kaa chini. Usiamke tena.” Hiyo aliita kupumzisha. Baada ya hapo ndipo alipolitia motoni, na chuma kilekile kikatoka kikiwa panga jipya, kali, halina kumbukumbu ya yale ya kwanza. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi hata mkono wake ulikuwa ukijifanyia wenyewe: kugonga, kunena, kutia motoni. Ulikuwa mwendo mmoja, kama mtu anavyotafuna na kumeza.

Sasa ndege.

Mlima ulikuwa na watu wetu ndani ya msitu, wakipigana na serikali ya mkoloni, na serikali ilikuwa na ndege za kuwatafuta. Upande wetu ilikuja zaidi moja. Tuliiita Ajuza, kwa sababu ilikuwa kuukuu na ilikohoa. Ilikuwa na lile panga la kuzunguka puani, na ilipopanda miteremko ilikokota pumzi kama bibi kizee aliyebeba kuni. Iliwahi kukohoa asubuhi moja, na nakuapia mbuzi wa Kiritiri, kule chini kwenye joto la Mbeere, walijibu. Watu handakini waliisikia kabla haijaonekana. Ungeweza kuweka jembe chini, ukapenga kamasi, ukamtania mwenzako, na bado haijafika. Ikifika ilizunguka juu ya msitu, ikaangusha mabomu, nasi tukahisi ardhi inaguna chini ya nyayo.

Mwana wa pekee wa kiume wa Mhunzi alikuwa mle msituni. Hili halikusemwa. Kijiji kizima kililijua na kijiji kizima kilikuwa bubu.

Aliyevunja ububu ni mama mmoja muuza ugoro, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kunyoa. Naye alikuwa na watoto wawili kule. Siku hiyo tulikuwa handakini, homgadi amekwenda kujisaidia, na Mhunzi ameshuka kukusanya majembe yaliyovunjika. Ajuza ilikuwa ndiyo imemaliza kazi yake, inajikokota kurudi.

“Mhunzi,” muuza ugoro akamwambia, “hiyo nyundo yako ni ya mapambo?”

“Ni ya majembe, mama.”

“Watoto wako chini ya ile Ajuza. Wangu na wako.”

“Najua mtoto wangu aliko.”

“Na umekaa tu! Mtu ambaye neno lake halirudi! Ningekuwa na mdomo kama wako, ile kitu ingeanguka jana.”

“Ile ndege kuna mtu aliyeifua,” Mhunzi akasema polepole. “Simjui jina, lakini alikaa mbele ya moto kama mimi. Mhunzi halaani kazi ya mhunzi.”

“Basi mpelekee salamu,” akasema yule mama, akatema ugoro. “Mwambie mwanao anamshukuru.”

Mhunzi aliokota majembe yake akapanda. Lakini tangu siku hiyo niliona kwamba Ajuza ilipopita, nyundo yake ilibaki hewani mpaka ndege imalize kupita.

Haikupita muda mrefu, wakati wa kung'oa maharagwe, kitu kikaanguka. Ajuza ilikuwa inapita juu ya mashamba ikitikisika kila kiungo, na kifuniko cha bati, ukubwa wa sinia, kikabanduka tumboni mwake, kikaja kikipepesuka mpaka kwenye mstari wa maharagwe aliokuwa aking'oa mke wangu. Yeye, badala ya kukimbia kama mtu mwenye akili timamu, alikifunika kwa majani ya maharagwe, akakitia kikapuni, akaja nacho nyumbani amekibeba mgongoni mbele ya macho ya homgadi. Nilipokiona nilifunga mlango kwa komeo. Kukutwa na kitu cha ndege siku zile ilikuwa kujiandikia kamba.

“Mpelekee Mhunzi,” mke wangu akasema.

“Wewe unataka kuniua.”

“Basi kaa nacho utandikie kitanda.”

Nikampelekea, chini ya viazi.

Mhunzi alikishika kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa. Alikigeuza. Kilikuwa kimebandikwa kiraka, na juu ya kiraka kiraka kingine, na pembeni matundu ya ribiti, vile vijimisumari vya kuungia bati, yaliyotobolewa upya kando ya matundu ya zamani. Akapitisha kidole gumba juu ya kila ribiti.

“Kimeshonwa kama suruali yangu,” akasema. “Huyu mtu amehangaika nacho. Tazama hapa, alikuwa anaharakishwa. Na hapa alikuwa amechoka.”

“Baba, kifiche tu.”

“Hiki si cha kulaani,” akasema, na nikaona uso wake umefunguka. “Hiki ni cha kupumzisha.”

Kabla sijamjibu alikuwa amekilaza kwenye fuawe. Akagonga mara moja. “Umechoka,” akaliambia lile bati. “Kaa chini. Usiamke tena.” Na mkono wake, bila yeye kuuagiza, ukakiinua kwa koleo na kukitia motoni.

Kikayeyuka. Haikuwa kama chuma kinavyowiva, taratibu, kutoka weusi hadi wekundu. Kililegea ghafla kama siagi, kikadondoka kati ya makaa na kupotea. Mhunzi alibaki ameshika koleo tupu. Sijawahi kumwona mtu ametazama moto namna ile. Nilidhani ni mshangao wa fundi aliyekutana na chuma asichokijua. Nikachukua viazi vyangu nikaenda zangu.

Baadaye kidogo, Ajuza haikuja tena.

Siku zilipita, tukiwa tumekaza shingo kama ndege wa kwenye matete, tukisikiliza. Kimya. Neno likazunguka handakini, la chini kwa chini: Mhunzi ameichosha. Mke wangu, ambaye siri humkaa kama maji kwenye ungo, alikuwa ameshamweleza muuza ugoro. Ee bwana, tulivyofurahi! Wanawake waliacha viazi vitamu mlangoni pa kibanda, kimyakimya, mpaka mlango ukawa haufunguki. Homgadi alisogeza kivuli chake mbali zaidi, hata ikawa anamlinda Mhunzi akiwa karibu na wilaya nyingine. Muuza ugoro alikuja na kikopo cha ugoro bora, akakiweka, akasema, “Nilikuwa natania ile siku,” na kwa yule mama hilo lilikuwa sawa na kupiga magoti.

Mhunzi peke yake hakufurahi. Nilimkuta amekaa, mikono juu ya magoti.

“Kwani kuna nini, Baba? Imeondoka.”

“Nilikitia motoni,” akasema.

“Si ndivyo unavyofanya siku zote?”

“Ndiyo. Na siku zote kinatoka nini?”

Sikumwelewa. Nilimwelewa baadaye, asubuhi moja tukiwa handakini, nilipoona kitu kinang'aa juu ya msitu, hakina panga puani, na kimeshapita. Kimeshapita kabisa! Ndipo mngurumo ukafuata nyuma yake, kama umechelewa na umekasirika, ukapasuka juu ya vichwa vyetu. Watu walilala chini baada ya hatari kwisha. Ile haikukohoa. Ile haikukupa nafasi ya kupenga kamasi.

Hizo zilikuwa ndege mpya za jeti. Serikali ilikuwa imeweka kando zile kuukuu, ikaleta zenye mbio. Kwetu habari haikufika hivyo. Kwetu kila mtu aliyewahi kumwona Mhunzi akifanya kazi alipiga hesabu moja, na mwenye kuipiga wa kwanza alikuwa Mhunzi mwenyewe: amepumzisha kuukuu, ametia motoni, imetoka kali.

Kisha akaletwa kijijini mtu mmoja aliyetoka msituni kujisalimisha, amekonda, macho ndani. Alipopata nafasi alimtafuta Mhunzi. Mimi nilikuwepo.

“Baba,” akamwambia, “Ajuza tulikuwa tumeizoea. Ikianza kukohoa tunaingia kwenye mianzi, tunatulia. Hii mpya hatukuisikia. Kijana wako alikuwa mahali pa wazi, anachota maji. Tulisikia ndege wakati yeye ameshaanguka.”

Mhunzi aliuliza kitu kimoja tu. “Kama ingekuwa Ajuza?”

Yule mtu alikuwa mkweli, na ukweli wake sikuusamehe kwa miaka mingi. “Kama ingekuwa Ajuza,” akasema, “angekuwa hai.”

Tangu hapo Mhunzi alifua bila kusema. Akiwa kibandani hakutoa neno, hata la salamu, hata chuma kikiwa kimepoa. Vifaa vikuukuu alivikataa. Alikurudishia panga lako bovu kwa kutikisa kichwa. Ukitaja ndege mbele yake, aliufunika moto majivu na kwenda nyumbani kwake, mchana kweupe. Muuza ugoro alimpitia mara moja akamkuta anawasha moto. Alisimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kusema.

Hali ya Hatari ilipoondolewa, tulirudi mashambani, naye akahamia Meru kwa binti yake aliyeolewa huko. Mimi niliingia shule ya jioni Embu mjini, nikiwa na ndevu na watoto wanne, nikakaa dawati moja na mwanafunzi mwenye mvi kunizidi. Zamani alikuwa mfagiaji kwenye uwanja wa ndege upande ule mwingine wa Mlima. Jioni moja, tukisubiri mwalimu alete taa, akaanza kueleza maisha yake ya uwanjani, nami nikamuuliza kuhusu zile ndege za kukohoa.

“Zile?” akacheka. “Mafundi walizichukia! Hii ikitengenezwa, ile inabanduka. Zilikuwa za kuondolewa siku nyingi. Mpya zilishafika, zimesimama pale zimefunikwa turubai. Kabla ya mvua ndefu nilikuwa nikizipangusa vumbi.”

“Kabla ya mvua? Una hakika?”

“Rafiki yangu, nani alikuwa na kitambaa mkononi, mimi au wewe?”

Kabla ya mvua. Na Mhunzi aligonga lile bati wakati wa kung'oa maharagwe, mvua ikiwa imekwisha. Sikusikia neno la mwalimu jioni ile. Mara ya kwanza nilipopata nafasi nilipanda lori la viazi hadi Meru, nikiwa na furaha iliyonitosha kulisukuma lori lenyewe.

Nilimkuta Makutano, kibanda chake kimekaa kando ya barabara, ananyoosha springi za malori. Alikuwa amepungua, kama chuma kilichofuliwa mno. Alinitambua. Alifunika moto, akanitoa nje, tukakaa juu ya tairi kuukuu. Nikamweleza yote: mfagiaji, turubai, mvua, maharagwe. Nikarudia mara mbili.

Alikung'uta masizi viganjani. Malori yalipita.

“Zilikuwa zimeshafika,” akasema.

“Zimeshafika, Baba.”

“Kabla sijagonga.”

“Kabla hata maharagwe hayajapandwa.”

“Kwa hiyo si mkono wangu ulioileta ile.”

“Si mkono wako.”

“Na mtoto—”

“Si mkono wako, Baba.”

Alivua aproni yake ya ngozi. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mabega yake yalitikisika, nami nikatazama barabara, nikasoma maandishi ya kila lori lililopita, mpaka niliposikia amepenga kamasi.

“Na Ajuza?” akauliza.

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. “Ajuza vilevile,” nikasema. “Ilikuwa inaondolewa tu.”

“Hapana.”

“Hapana nini?”

“Hiyo niachie.”

“Baba, haiwezekani. Ni jambo moja. Kama mpya zilikuja zenyewe, ile ya zamani nayo iliondoka yenyewe. Huwezi kukata katikati.”

“Nimekata vyuma maisha yangu yote,” akasema, “na vyote vilikuwa kitu kimoja kabla sijavikata.” Akanitazama. “Wewe ulisoma jioni. Labda haya hufundishwa mchana.”

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Nikafungua mdomo nimweleze tena, na hapo mwenye lori mmoja, Mwislamu wa kutoka Maua, kanzu safi, amekuja kuangalia springi yake, akatusimamia.

“Shikamoo, mzee wangu. Binti yako aliniambia jana, ati uliwahi kuiondoa ndege angani kwa nyundo. Nikamwambia mama wee, usinifanye mtoto.”

Binti mwenyewe, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, alishtuka, akaweka kisu chini, akisubiri baba yake ainuke aende nyumbani kama kawaida. Mhunzi hakuinuka. Alinigeukia polepole.

“Muulize huyu,” akasema. “Amesoma.”

Nilimtazama. Nikafikiria mvua, turubai, kitambaa cha mfagiaji. Kisha nikasimama juu ya lile tairi.

“Ndugu yangu,” nikasema, “nilikuwepo! Zilikuwa angani nyingi kama nzige, jua halionekani, kuku wamelala saa sita ya mchana. Mzee huyu unayemwona akainua nyundo, akapiga mara moja, na zote, zote, zikaanza kukohoa—”

“Moja,” akasema Mhunzi.

“Moja?” akauliza mwenye lori.

“Usimsikilize, huyu anaongeza.” Alikuwa ameshaingia kibandani, anafukua makaa, na sauti yake ilitokea palepale mbele ya fuawe. “Ilikuwa moja. Ile kuukuu. Ile nyingine siijui.”